Mama na Fonti ya Kutu

Mume wangu huongea kwa sauti ya chini mno, na mama yangu hasikii vizuri. Ndiyo maana nimekuwa mkalimani ndani ya nyumba yangu mwenyewe, ingawa sote watatu tunasema Kikorea kilekile.

Masikio ya mama yaliliwa na meli. Kwa miaka thelathini na moja alifanya kazi kwenye matengenezo ya meli hapa kisiwani Yeongdo, ng'ambo ya daraja tu kutoka katikati ya Busan. Meli ikipandishwa nchi kavu, wanawake walikuwa wakiteremshwa ubavuni mwake juu ya ubao ulioning'inizwa kwa kamba, kila mmoja na nyundo yake ndogo yenye ncha bapa, wakigonga kutu, makombe na rangi kuukuu mpaka chuma kibaki uchi, tayari kwa rangi mpya. Wanawake arobaini wakigonga pamoja, kelele zilifika hadi ng'ambo. Kang, kang, kang, kutwa nzima. Watu wakauita mtaa wetu Kangkang, na jina hilo halijatoka. Mama yangu, Maeng Bok-rye, alisifika kwa kuacha chuma safi kama sahani.

Mume wangu, Ban Seung-u, ni mtu wa bara, wa mkoa wa Chungcheong, ambako watu huongea kama vile hakuna cha kuwahi. Kazi yake ni kuchora fonti. Kwa miaka kumi na miwili alichorea kampuni moja ya Seoul herufi nyembamba, zile unazosoma kwenye simu bila kujua kwamba kuna mtu aliyekaa akazichora. Mama alipopasuliwa goti tukahamia kwake. Mimi nikapata kazi kwenye duka la dawa karibu na daraja, Seung-u akaweka kompyuta yake chumba cha juu, na kila alasiri ikawa zamu yake kumtembeza mama gatini ili goti lizoee. Walitembea polepole, wakisemezana kwa vidole na vichwa.

Matembezi hayo ndiyo yaliyomponza. Jioni moja nilimkuta amejaza daftari michoro ya majina ya meli. Hapa kwetu mafundi huchora kwanza jina kwa kuchomelea, wakiacha mshono wa chuma unaolizunguka umbo la kila herufi, kisha hujaza rangi ndani ya mshono kwa brashi pana. Herufi zinatoka nene, za pembe kali, zenye mabega kama ya wabeba mizigo. Meli ikirudi baada ya mwaka, chumvi na minyororo vimeshazitafuna, rangi imebanduka hapa, imechirizika hapo, lakini jina bado unalisoma ukiwa mbali.

"Hong-ran," aliniambia, "nimechora herufi za kunong'ona maisha yangu yote. Nataka nichore hizi."

"Chora," nikamwambia. "Ila uongeze sauti, nakusikia nusu."

Alifanya kazi miezi minne. Maandishi yetu hupanga herufi mbili tatu ndani ya kisanduku kimoja, na kisanduku hicho ndicho silabi, kwa hiyo fonti ndogo kabisa inadai visanduku elfu mbili mia tatu na hamsini. Alichora vyote vikiwa vinene na safi. Kisha akachukua picha za kuta zilizopasuka alizozinunua mtandaoni, akazilaza juu ya herufi, zikazimenya na kuzikwaruza. Siku ya kwanza ya kuchapa alibandika karatasi sita kubwa kwenye ukuta wa sebule, silabi moja kila karatasi, akasimama kando mikono nyuma akimsubiri mama arudi sokoni.

Mama aliingia na kambare wa baharini wawili kwenye mfuko. Akatazama ukuta kwa muda mrefu.

"Mkwe," akasema kwa ile sauti yake ya kumwita mtu aliye upande wa pili wa meli, "mashine yako ya kuchapa imeharibika?"

Seung-u akasema kitu.

"Anasemaje?"

"Anasema haijaharibika, mama. Amezifanya hivyo makusudi. Zinafanana na majina ya meli za zamani."

"Makusudi?"

"Ndiyo. Watu wanazipenda zikiwa zimechakaa. Kwa mabango, kwa alama za maduka."

Mama akaweka samaki juu ya sinki, akarudi akifuta mikono kwenye aproni. Alisogea karibu na karatasi ya tatu, akapitisha ukucha juu ya mkwaruzo, kama vile angeweza kuung'oa.

"Miaka thelathini na moja," akasema, taratibu sasa, "nilining'inia kwenye kamba kama nguo iliyoanikwa, nikiondoa uchafu huu. Masikio yangu yalikwenda na uchafu huu. Leo mkwe wangu anaurudisha, tena ndani ya nyumba."

Sikuwa na cha kutafsiri. Seung-u alikuwa amesikia vizuri sana.

Hakumfokea. Mama hana ukali wa aina hiyo kwa mkwe. Alichofanya ni kwamba mezani, ule mnofu wa tumboni mwa samaki ambao kwa miaka tisa ya ndoa yetu, kila tulipokula pamoja, alikuwa akiutoa miiba na kuulaza juu ya wali wa Seung-u, siku hiyo aliulaza juu ya wali wangu. Kesho yake tena. Siku ya tatu Seung-u akanikonyeza, akaninong'oneza, "Unanenepa kwa dhambi zangu." Nikacheka peke yangu, mama akauliza kunachekesha nini, nikajaza wali mdomoni.

Seung-u alitaka kuzibandua zile karatasi, lakini mama mwenyewe akamzuia. "Ziache. Kazi ya mtu haitupwi." Akazipitia kila siku akielekea jikoni, na kila siku akitikisa kichwa.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya Deok-nam. Huyu ni rafiki ya mama tangu siku za kamba, mwanamke mnene mwenye kucheka, na ndiye mwenyekiti wa chama cha wagonga nyundo wastaafu. Chama kilikuwa kinaandaa maonyesho kwenye ghala la zamani la nyavu: nyundo zao, barakoa zao, picha za ujana wao. Deok-nam alisikia kuna mkwe anayejua herufi, akaja na mfuko wa viazi vitamu kumwomba bango. Liandikwe neno moja tu, Kangkang, kubwa kuliko mengine yote.

Seung-u alifurahi kupita kiasi. Usiku kucha, mchana kutwa, akapanga lile neno, na Jumamosi asubuhi akalitandika bango sakafuni, refu kuliko mlango. Deok-nam akapiga makofi. Mama akapiga magoti, kwa lile goti bovu, akachungulia.

"Mkwe, njoo hapa. Hii kang ya kwanza imeumia wapi?"

Seung-u akachuchumaa, akaonyesha: mkwaruzo mrefu kwenye bega la kushoto, na kidoti kilichobanduka chini.

"Na hii ya pili?"

Akaonyesha tena. Mkwaruzo ulikuwa kwenye bega la kushoto. Kidoti kilikuwa chini.

"Ni mapacha?" mama akauliza. "Walianguka siku moja, kwenye jiwe moja?"

Deok-nam akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. Seung-u akawa mwekundu mpaka shingoni. Kompyuta huandika silabi ileile kwa umbo lilelile, na neno letu, kwa bahati mbaya yake, ni silabi moja mara mbili. Lakini mama hakuwa amemaliza.

"Halafu kutu haianzii katikati ya bapa. Katikati pana rangi nene, patakaa miaka. Kutu inaanzia hapa." Akaweka kidole kwenye kona ya ndani, pale mistari miwili inapokutana. "Brashi haifiki vizuri. Maji yanakaa. Halafu inashuka, haipandi. Hii yako inapanda. Nani aliona kutu inapanda?"

Seung-u akamtazama mama, halafu akanitazama mimi, akasema kitu kwa haraka ambayo sijawahi kuiona kwake.

"Anasemaje?"

"Anasema, utamfundisha?"

Mama akainuka akishikilia bega la Deok-nam. Akajifanya kufikiri. "Mwambie alete viatu vigumu," akasema.

Jumatatu nilikuwa na mapumziko, tukaenda wote watatu kwenye uwanja wa meli wa kapteni Pyo. Pyo anamjua mama tangu alipokuwa kijana wa kubeba makopo ya rangi, na bado humwita dada mkubwa. Alituazima kofia ngumu na kutuacha tuzunguke chini ya meli moja ya kuvulia ngisi iliyokuwa imepandishwa. Mama alitembea chini ya tumbo la meli kama mtu anayekagua shamba. Hapa mnyororo wa nanga ndio uliokwaruza, ndiyo maana mikwaruzo yote imelala upande mmoja. Hapa ni matairi ya gati, hayakwaruzi, yanasugua, rangi inapauka kwanza. Hapa ni jua tu. Mimi nilikuwa natafsiri, lakini baada ya muda nikaona hawanihitaji. Mama alikuwa akishika mkono wa Seung-u na kuupeleka pale anapotaka aguse.

Tulipofika kwenye jina la meli, mama akasimama. Akakaa juu ya gogo kupumzisha goti.

"Baba yenu alikuwa fundi mitambo wa meli ya Manbok," akasema. Nilijua hilo. Kilichofuata sikukijua. "Alipokufa, miaka miwili baadaye wakaiuza Manbok nje. Ikaletwa hapa kutengenezwa kabla ya kwenda. Msimamizi akanigawia ubavu wa mbele, upande wa kushoto. Hakujua. Mimi ndiye niliyeligonga lile jina."

"Mama, hukuniambia."

"Ungefanyaje, ulikuwa shuleni. Nilifikiri nitamaliza kabla ya chakula cha mchana. Rangi ilitoka yote. Lakini ule mshono wa chuma haukutoka, ule hauondoki kwa nyundo. Nikawa nasafisha, na kadiri ninavyosafisha, jina linazidi kuonekana. Man. Bok. Saa tisa nikaacha. Msimamizi akasema paka rangi juu yake, basi." Akajipangusa vumbi magotini. "Kwa hiyo, mkwe, nilipoziona zile karatasi zako nilikasirika. Kutu si pambo. Lakini nimefikiri. Ulichokosea si kuweka kutu. Ulichokosea ni kuila mifupa."

Seung-u alichuchumaa mbele yake. Safari hii alijitahidi, akapaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. "Mifupa ni ipi, mama?"

"Usipige kelele, mimi si kiziwi," mama akasema, na kapteni Pyo aliyekuwa akipita akacheka. "Mifupa ni pale mistari inapokutana na pale inapoishia. Tumbo la herufi, mwachie kutu ale. Akila viungo, hakuna atakayesoma. Na meli isiyosomeka jina, mke aliyesimama gatini atajuaje kama ni ya mumewe?"

Kuanzia wiki ile, paa tambarare la nyumba yetu likawa karakana. Pyo alitugawia mabamba ya chuma chakavu, Seung-u akayapaka rangi tabaka tatu na kuandika silabi moja moja kwa mkono. Mama akayalaza kati ya mitungi ya kimchi, zile mboga zetu za kuchachusha, akayanyunyizia maji ya bahari kila asubuhi, akayageuza kama mtu anayeanika samaki. Yakishaiva, kama alivyosema yeye, aliketi juu ya kigoda na nyundo yake ya zamani, na kuyagonga. Hasikii mlio wake tena. Alisema anasikia kwa kifundo cha mkono. Pigo jepesi hubandua gamba la juu, pigo zito hufika chini, na la katikati huacha ule ukingo wa rangi uliojikunja ambao Seung-u aliupenda kuliko yote. Akimaliza bamba moja, Seung-u alilipiga picha, akalipeleka kwenye kompyuta, akachora upya kila ufa kwa mkono wake. Zile picha za kuta alizifuta zote.

Majirani walilalamika. Kwa haki kabisa, maana mtaa ulikuwa umepata utulivu baada ya miaka mingi. Mama akawapelekea kimchi ya figili, wakanyamaza.

Kila silabi itumikayo sana ilipata sura tatu tofauti, na Seung-u akaifunza fonti izibadilishe yenyewe, ili neno lenye silabi mbili zinazofanana lisiumie mahali pamoja. Mabishano yalikuwepo. Mama alitaka kila kona iwe na kutu kwa sababu ndivyo ilivyo. Seung-u akamweleza kwa kalamu na karatasi kwamba herufi ishirini zikikaa pamoja zote na kutu kila kona, jicho huchoka na ukurasa huonekana mchafu tu. Lazima nyingine zipumzike. Mama aliisoma ile karatasi mara mbili.

"Kama kwaya," akasema. "Si wote wanaimba kwa nguvu."

"Ndiyo, mama."

"Basi ningekuwa mimi, ungeniacha niimbe kwa nguvu lini?"

Alijibu kwa kuandika: *Nikikuweka peke yako kwenye bango.* Mama akakikunja kile kikaratasi akakitia mfukoni mwa aproni.

Siku hiyo mnofu wa samaki ulirudi kwenye wali wa Seung-u.

Bango la Deok-nam lilitundikwa nje ya ghala mwezi wa Oktoba. Kang mbili, kila moja na majeraha yake. Wazee wa kike walikuja wamevaa nadhifu, wakasimama chini yake wakibishana ni lipi kati ya yale mapigo lilikuwa la Bok-rye na lipi la mashine. Yote yalikuwa ya Bok-rye. Deok-nam alisema kwamba pigo la Bok-rye analijua hata gizani, lina haraka ya mtu anayewahi kupika.

Kutoka hapo fonti ikaanza kutembea yenyewe. Duka la keki za samaki la mtaa wa tatu liliiweka juu ya mlango. Kiwanda kidogo cha pombe ya mchele kikaiweka kwenye lebo, neno moja, jeupe juu ya kijani. Kikundi cha maigizo kikaichukua kwa bango, na baadaye timu ya mpira ya vijana ikaichapa mgongoni mwa jezi. Mwajiri wangu naye akataka aitumie kwa maelezo ya vipimo vya dawa, kwenye karatasi ndogo ya kubandika chupani. Seung-u alikuja dukani mwenyewe kumkatalia. Alimwambia, kwa adabu, kwamba herufi hizi ni za maneno machache na za kusomwa kwa mbali. Zikifanywa ndogo, kila ufa hugeuka doa, na mgonjwa anaweza kusoma nane pale palipoandikwa tatu. Akamchagulia nyingine, nyembamba na safi, bila malipo.

Kisha mwaka jana kampuni ya tambi za pakiti, huko Seoul, ikainunua kwa jina la tambi mpya za pilipili. Mama aliiona pakiti dukani kwa mara ya kwanza akiwa peke yake. Alirudi nyumbani na katoni mbili kwenye kigari cha mkono, goti na vyote. Tulikula tambi zile wiki tatu. Zilikuwa na chumvi nyingi, na yeye ndiye aliyelalamika zaidi, lakini pakiti tupu alizipangusa na kuzilaza chini ya godoro.

Mwezi wa nne kapteni Pyo alimaliza kuunda tagi mpya, boti ya kuvutia meli kubwa bandarini, akaipa jina Saebyeok, Alfajiri. Alikuja nyumbani na chupa, akamwomba Seung-u amwandikie jina la boti ubavuni, kwa zile herufi maarufu, na kutu zake zote.

Nikamtafsiria mama, maana alikuwa akimenya vitunguu saumu na hakuinua kichwa.

"Hapana," mama akasema.

"Dada mkubwa, siku hizi ndiyo mtindo."

"Mtindo ni wa karatasi. Bango halizami, pakiti ya tambi haizami. Boti mpya ivae nguo safi." Akaendelea kumenya. "Utamvisha mtoto mchanga matambara ili watu waseme ameishi?"

Pyo akamgeukia Seung-u amwokoe. Seung-u akamjazia kikombe. "Mama amesema," akasema, na wote tulimsikia.

Basi akaichukua ile fonti kama ilivyokuwa mwanzo kabisa, kabla ya picha za kuta na kabla ya nyundo: nene, pembe kali, nzima. Mchomeleaji wa Pyo alizungusha mshono, na Seung-u akapaka rangi mwenyewe, siku mbili juu ya jukwaa, huku mama amekaa chini kwenye kiti cha plastiki akimwelekeza kwa fimbo. Juu kidogo. Kona, kona, brashi haijafika. Rudi. Alirudi kila alipoambiwa.

Siku ya kuiteremsha majini walitandika meza mbele ya omo, yaani pua ya boti, na kichwa cha nguruwe kilichochemshwa, matunda, na pombe ya mchele. Wafanyakazi wa uwanja wakainama kuombea boti heri. Pyo akampa mama kikombe cha kwanza amwage kwenye omo, heshima ambayo enzi zake hakuna mgonga nyundo aliyepewa. Mama alimwaga nusu, akageuka, akampa Seung-u nusu iliyobaki ainywe. Seung-u alikuwa na rangi nyeupe kwenye nyusi. Mama akailamba ncha ya kidole gumba, akaanza kumfuta mbele ya watu wote, na mume wangu, mtu wa miaka arobaini na mbili, akafumba macho na kusimama tuli mpaka amalize.